Waridi la jangwani katika uwanja wa Tanga: maswali ninayoulizwa kila siku

Nauza miche ya maua nje ya nyumba yangu hapa Tanga, upande wa Sahare. Wapita njia husimama kwa sababu ya rangi, kisha huinama wakalibonyeza lile shina lililofura, na maswali yakaanza. Mengi ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili niyajibu kwa urefu ambao siupati mteja akiwa amesimama huku bodaboda inamngoja.

Neno moja nalitanguliza, maana limejificha ndani ya karibu kila jibu: huku kwetu ua hili haliuawi na jua. Linauawa na maji, na mara nyingi anayeyamwaga ni mtu anayelipenda.

Hili ni waridi kweli?

Si waridi. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na vijana wa vitalu husema adeniamu tu wakamaliza. Ukoo wake ni ule wa oleanda, alamanda na, wengi hawaamini nikiwaambia, mbungo. Likwaruze kidogo uone: utomvu mweupe, kama ule unaotoka ukikata mbungo. Undugu wao unaishia hapo. Bungo tunalitengenezea juisi, hili halitiwi kinywani kabisa, na sababu yake ina swali lake huko chini.

Jina Adenium linahusishwa na Aden ya Yemen. Aliyelieleza kwanza kwa wataalamu wa Ulaya ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Msweden aliyeweka utaratibu wa majina ya mimea, aliyekwenda Yemen kukusanya mimea na hakurudi. Alifia huko mwaka 1763, na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, akamchapishia kitabu chake mwaka 1775. Obesum ni Kilatini, maana yake mnene. Ukiliona shina lake huna haja ya mkalimani.

Limeletwa kutoka nchi gani?

Hapo ndipo ninapochekea. Porini linaota kutoka Afrika Magharibi, kupitia Sudan na Kenya, likaja Tanzania, na ng'ambo likafika Uarabuni. Kwenye nyika kavu ya Tsavo na Mkomazi limo, na Mkomazi imegusa mkoa wetu. Mkonge, tunaouona kama ndio Tanga yenyewe, ndio mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwenyeji wa nyika tunamnunua kama bidhaa ya Thailand, na mgeni tumempa mkoa.

Thailand haina makosa lakini. Yale maua ya tabaka mbili tatu, meusi meusi, ya njano, yenye michirizi, mengi ni kazi ya wazalishaji wa Thailand na Taiwan. La porini ni rahisi zaidi: petali tano, waridi kwenye kingo, likififia hadi jeupe kooni. Kwa macho yangu mimi ndilo zuri kuliko yote, ila mezani haliendi haraka.

Shangazi, nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu huwaudhi watu: sihesabu siku. Ua halijui Jumatatu wala Ijumaa. Chungu kilichoko kwenye jua la Februari, upepo wa kaskazi unakipiga kutwa, hukauka kwa siku mbili. Chungu hicho hicho mwezi wa Julai, barazani, huweza kukaa siku kumi bado kina unyevu chini.

Ninachofanya ni hiki. Nina kijiti cha mishikaki. Nakichoma kwenye udongo mpaka karibu na kitako cha chungu, nasubiri kidogo, nakichomoa. Kikitoka kimebeba udongo, au ukikigusisha shavuni unasikia ubaridi, sitii maji. Kikitoka kikavu na safi, namwagilia sana, mpaka maji yatoke chini kwenye matundu, halafu naondoka. Vijiko viwili vitatu kila asubuhi ni makosa. Juu panalowa, mizizi ya chini inabaki na kiu, na ile ngozi ya shina pale linapoingia ardhini inakaa mbichi siku zote. Kuoza huanzia hapo hapo.

Ukishazoea, kijiti hukihitaji. Unainua chungu kwa mkono mmoja, uzito unakueleza.

Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanafaa kwa muda, lakini utaona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu. Ukiuona, mvua nzuri ya kwanza ya vuli kiache chungu nje kioshwe, au kinga maji ya bati ukimwagie mara mbili tatu mfululizo ili chumvi ishuke itoke.

Na masika?

Masika ndiyo mtihani. Kutoka mwisho wa Machi mpaka Mei huku hainyeshi kwa saa, inanyesha kwa siku. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na vyungu kumi na nane vimepangwa chini kwenye sakafu, vimependeza. Mvua ikashika Alhamisi. Nikasema moyoni, mvua ni ya Mungu, maua yote yanapenda mvua. Jumatano iliyofuata niliminya la kwanza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ndani limekuwa kahawia, linanuka kama ndizi zilizosahaulika kapuni. Niliokoa saba.

Tangu hapo, Machi ikikaribia kwisha navihamishia chini ya upenu ambako jua la asubuhi linafika na mvua haifiki. Visivyopata nafasi navilaza ubavu. Ndiyo, unalaza chungu ubavu kama mlevi, maji ya mvua yanapita pembeni. Hakipendezi, na wageni watauliza, lakini mizizi inabaki mikavu. Mvua ikikatika siku mbili unavisimamisha vipate jua.

Na vyungu vyote, masika au kiangazi, vikae juu ya vipande vitatu vya tofali, visigusane na sakafu. Tundu lililozibwa na saruji halipitishi kitu. Kisahani cha kukingia maji kitupe, au kipe kuku.

Nitumie udongo gani?

Usitumie ule mweusi unaouzwa kwenye viroba kwa ajili ya mboga. Ni mzuri, kwa mchicha. Hapa tunataka udongo ambao ukimwagia kopo la maji, yanapotea mbele ya macho yako na kutoka chini kabla hujarudisha kopo mahali pake. Yakituama juu hata kidogo, mchanganyiko umekosea.

Wangu mimi ni kopo tatu za mchanga wa mto, ule mnene unaochoma kiganja. Kopo mbili za tofali la kuchoma lililopondwa mpaka punje ziwe kama mahindi. Kopo moja ya mkaa uliopondwa. Na kopo moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu. Vumbi la tofali na la mkaa nalipepeta nalitupa, maana likilowa linaganda kama uji.

Mchanga wa pwani usichukue. Una chumvi, na zile chenga za makombe ni chokaa tupu. Ndiyo sababu pia naogopa kokoto zetu, nyingi ni za mawe ya chokaa. Udongo ukizidi chokaa, mmea haupati madini ya chuma hata kama yamo, na utaona majani machanga yamekuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani. Tofali la kuchoma halina shida hiyo.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa kidogo tu. Yanashika maji mno kwa hali yetu ya unyevu. Mwenye bustani Dodoma ayaongeze, sisi tuyapunguze.

Chungu cha udongo au cha plastiki?

Cha udongo, kwa pwani. Kinapumua, unyevu unatoka ubavuni. Cha plastiki si haramu, ila uongeze matundu na upunguze maji. Kiwe kipana kuliko kirefu, kwa sababu udongo mwingi wa chini ambao mizizi haijafika ni ghala la maji tu. Na usilipe chungu kikubwa ukifikiri unalitendea wema. Vidole viwili kati ya shina na ukingo vinatosha.

Chungu kikipasuka chenyewe, usimtafute mchawi. Shina limenenepa ndani, limekishinda.

Majani yanageuka njano na kudondoka. Linakufa?

Usiangalie majani, bonyeza shina. Majani yanadondoka kwa sababu kumi, shina lina majibu matatu tu.

Shina likiwa gumu na limejaa, wala usihangaike. Kama ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi na ubaridi wa usiku vinatosha kulifanya lipukutishe. Linalala. Punguza maji, liache. Kama umelihamisha mahali hivi karibuni, nalo hupukutisha kwa kununa, kisha huchipua.

Shina likiwa limelegea kidogo, lina mikunjo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, lakini ukibonyeza halizami, hilo lina kiu. Limekuwa likinywa akiba yake. Mwagilia, baada ya siku mbili tatu linajaa tena.

Likiwa bonyevu, kidole kinazama upande mmoja, ngozi imebadilika rangi au inachuruzika maji ya kahawia, hilo linaoza. Mwenye kiu na anayeoza wote majani yao hunyauka, na hapo ndipo watu wanapoua: wanaona majani yamenyauka, wanaongeza maji.

Limeshaanza kuoza. Linaokoka?

Mara nyingi linaokoka ukiliwahi siku hiyo hiyo, siyo Jumapili ukipata nafasi.

Litoe kwenye chungu, kung'uta udongo wote, suuza mizizi. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Kata sehemu iliyooza. Tazama nyama ya ndani: iliyo nzima ni nyeupe kama mhogo mbichi, na utomvu unatoka. Ukiona hata doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mtama, hujamaliza. Futa kisu, kata tena, mpaka ubaki weupe mtupu. Unaweza kupoteza nusu ya shina. Kata usisite.

Vidonda vipake unga wa mdalasini. Huu wa Muheza tunaotia kwenye chai unatosha, unasaidia kuzuia ukungu. Kisha litundike kivulini penye upepo, bila udongo, bila maji, siku saba mpaka kumi. Watu wanalionea huruma wakati huu. Mama mmoja alichukua langu nililomkatia, akaniambia analitundika jikoni, siku ya tatu akalichovya kwenye ndoo kwa sababu "limekaa kama yatima". Lilioza lote.

Kidonda kikishakuwa kikavu na kigumu kama ngozi ya ngoma, lipande kwenye mchanganyiko mkavu, ulingoje wiki nyingine moja ndipo ulipe maji kidogo. Jani la kwanza linaweza kuchelewa mwezi.

Langu lina majani mazuri ya kijani lakini halitoi maua. Kwa nini?

Uliza kwanza jua. Barazani penye mwanga si juani. Ua hili linataka saa sita za jua kamili, na zikizidi haligombi. Chini ya mwembe utapata majani marefu, membamba, na matawi yanayonyong'onyea yakitafuta dirisha. Lakini usilitoe kivulini ukaliweka saa saba mchana kwenye sakafu ya saruji. Litaungua ngozi, likipata doa jeupe lisilofutika. Lianzishe na jua la asubuhi kwa wiki moja mbili.

La pili ni mbolea. Ukilipa urea au CAN kwa wingi utapata kichaka. Naitrojeni inalisha majani.

La tatu ni umri. La mbegu huanza kuchanua likiwa na mwaka au karibu miwili, wengine huwahi.

La nne ni mkasi. Maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Tawi moja refu lina ncha moja. Ukilikata linatoa machipukizi mawili, matatu, na kila moja lina ncha yake. Mimi napogoa mwisho wa Agosti au Septemba mwanzoni, ubaridi unapoisha. Nakata kila tawi nikibakiza urefu wa kiganja, mkato wa mshazari ili maji yasikae juu, unga wa mdalasini, basi. Baada ya wiki sita mpaka nane unaanza kuona vitumba vyekundu kama njiti za kiberiti. Hapo vuli inaingia, ukilinda na mvua, kaskazi ikifika Disemba uwanja unawaka. Masika usipogoe. Kidonda kibichi na mvua ya wiki nzima havipatani.

Na ua moja likidondoka baada ya siku chache usije kunidai. Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, nao umewahusu watu na maua pia.

Mbolea gani basi, na kiasi gani?

Kidogo. NPK 17-17-17 inapatikana kila duka la pembejeo: nusu kijiko cha chai kwa chungu cha upana wa futi moja, mara moja kwa mwezi, kuanzia Septemba mpaka Machi. Mwagilia kwanza ndipo uinyunyize, mbali na shina, kisha mwagilia tena. Mizizi mikavu ikikutana na mbolea inaungua. Kipupwe na masika usitie chochote, halili.

Kwa asiyependa ya dukani, samadi ya mbuzi ya zamani konzi moja kila miezi mitatu inatosha. Majivu ya kuni yana potasi ndiyo, lakini yanaongeza uchokaa, na tayari nimeshalalamika kuhusu chokaa.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye makutano ya majani.

Vidung'ata. Vinanyonya utomvu, na vinaleta sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina kama wana ofisi huko juu, tafuta pamba hiyo. Kama ni michache, chovya pamba ya masikio kwenye spiriti uguse kimoja kimoja. Kama ni mingi, lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini, na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tikisa sana, nyunyiza jioni, maana mafuta na jua la mchana yanachoma majani. Rudia baada ya siku saba, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Angalia na mizizini pia unapobadilisha udongo, vingine vinakaa huko.

Vidukari kwenye vitumba, dawa ni hiyo hiyo. Utitiri mwekundu unakuja kiangazi kikali, majani yanakuwa na vidoa vya kijivu na utando mwembamba chini. Yaoshe kwa maji yenye nguvu upande wa chini wa jani. Viwavi waokote kwa mkono, kwa glavu.

Nina watoto wadogo na mbuzi. Lina sumu kweli?

Lina sumu, na hapa sitanii. Utomvu wake una kemikali zinazoshambulia moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliuchemsha wakapaka kwenye mishale, na mnyama mkubwa alianguka. Mti mzima una sumu hiyo: shina, mizizi, majani, mbegu.

Kulipanda si vibaya, oleanda imejaa mitaani nayo ina sumu ya aina hiyo hiyo. Ila liweke juu, mtoto anayetambaa asifike. Mbuzi na kondoo wasilifikie. Matawi uliyopogoa usiyatupe pale wanapopita, yafukie au yafunge kwenye mfuko. Baada ya kukata osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula, na kisu cha kazi hiyo kisirudi jikoni.

Mtoto akitafuna, mpeleke hospitali hapo hapo, na chukua jani uonyeshe. Usikae kumpa maziwa na kungoja uone. Na yeyote anayekwambia lina dawa ya meno au ya tumbo, mwachie dawa yake.

Nipande kwa mbegu au kwa tawi?

Inategemea unataka nini. Ukitaka lile shina nono la kukaa kama mzee kwenye kiti, panda mbegu. Tawi linashika mizizi bila taabu, unalikausha kivulini siku tano mpaka saba ndipo unalichomeka kwenye mchanga, lakini unene wake wa chini ni mwembamba, haujengeki kama wa mbegu.

Mbegu ziwe mpya. Za zamani ni kubahatisha. Zinafanana na vijiti vifupi vya kahawia vyenye manyoya pande zote mbili. Kata manyoya, zilaze kwenye mchanga wenye unyevu, zifunike kwa unene wa ukucha, weka penye joto. Kwa joto letu siku ya nne au ya tano zinanyanyua kichwa. Miche michanga inahitaji maji zaidi kuliko mikubwa, hapo kanuni yangu ya kijiti inalegezwa kidogo.

Ukitaka rangi fulani hasa, mbegu haina ahadi. Mama mwekundu wa tabaka tatu huzaa mtoto wa waridi wa petali tano. Hapo ni kubebesha, kama wanavyofanya kwenye miembe na mikorosho. Unakata shina la mbegu mlalo kwa kisu kikali, unakata kikonyo cha rangi unayotaka chenye unene ule ule, unavikutanisha, unafunga kwa mkanda wa plastiki, unafunika na mfuko wa plastiki, unaweka kivulini. Wiki mbili tatu unafunua. Kama kikonyo bado ni kijani, kimeshika. Nilipoanza, katika kumi nilikuwa napata matatu.

Mbona langu halizai mbegu?

Ua lake limejifungia. Chavua imefichwa ndani ya koni ndogo katikati ya koo, na wadudu wa mjini wengi hawajui mlango. Unaweza kulisaidia: pasua petali upande mmoja, chukua brashi nyembamba au kijiti cha meno, chokonoa chavua ndani ya koni ya ua moja uipeleke chini ya koni ya ua la mmea mwingine. Fanya kwa maua mengi, litashika moja mawili.

Likishika utaona pembe mbili zinaota, kama za mbuzi. Zinakomaa baada ya miezi miwili mitatu, kisha zinapasuka ghafla na mbegu zinaruka na manyoya yake. Mimi nafunga pembe kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Nisipofunga nazikuta kwa jirani.

Naweza kulipanda chini, siyo kwenye chungu?

Unaweza, na linakuwa kubwa kwa namna ambayo chungu hakiruhusu. Jenga tuta la mawe na kifusi urefu wa magoti, weka mchanganyiko ule ule juu, panda huko. Usichimbe shimo kwenye udongo wa mfinyanzi ukajaza mchanga ndani, umetengeneza kisima. Ukutani upande wa mashariki ni pazuri, jua linaanza mapema na ukuta unarudisha joto. Upenu usimwagie juu yake.

Upepo wa bahari haulisumbui sana. Walioko Raskazone karibu na maji waoshe majani kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya siku kadhaa za upepo mkali, chumvi isikauke juu yake.

Nyumbani kwetu ni Lushoto. Litastahimili?

Nje, hapana, usiku wa Juni na Julai utaliumiza. Baridi ya chini ya nyuzi 10 haliitaki. Liweke ndani kwenye dirisha la jua, lipukutishe, lilale, na usilipe maji karibu miezi miwili. Septemba ulitoe. Au panda kitu cha milimani, huko kwenu maua hayana shida.

Nataka kumpelekea dada Dar es Salaam kwa basi. Nifungeje?

Hili ni rahisi kuliko unavyodhani. Litoe kwenye chungu, kung'uta udongo wote, liache kivulini siku mbili mizizi ikauke. Punguza majani. Lifunge na magazeti, siyo plastiki, plastiki inatoa jasho. Liweke kwenye boksi lenye matundu, andika juu "mmea, usilaze chini ya mzigo", ingawa hakuna anayesoma. Linakaa wiki mbili bila udongo wala maji na halina habari.

Akilipokea, mwambie alipande kwenye udongo mkavu na asimwagilie siku saba. Mpigie siku ya tatu umkumbushe, maana siku ya tatu ndipo watu wanapochukua kopo.